Ndege zinazoundwa nyumbani: tuulize usukani kabla ya injini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme neno kuhusu namna magazeti yetu, hili lako likiwamo, yanavyoandika habari za vijana wanaounda ndege majumbani. Habari hizo hutoka mara kwa mara, leo Tanzania, kesho Kenya, na tunazisoma kwa furaha. Lakini kila zinapotoka, mwandishi huuliza injini imetoka wapi, ina ukubwa gani na imegharimu shilingi ngapi. Kisha hufuata aya moja ya historia: ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, walifunga injini kwenye mabawa mwaka 1903, na binadamu akaruka. Aya hiyo ndiyo inayotuuma. Inampeleka kijana kwenye njia ileile iliyowashinda watu wenye fedha nyingi na elimu kubwa kabla ya 1903.

Injini zilikuwapo. Tarehe 9 Oktoba 1890 Mfaransa Clément Ader aliwasha injini ya mvuke ya nguvu za farasi zipatazo 20 katika chombo chake kiitwacho Éole, chenye mabawa ya popo, karibu na Paris. Kilinyanyuka sentimita chache tu kutoka ardhini, kikaenda mita 50 hivi, kikatua, na muda wote huo rubani hakuwa na njia ya maana ya kukiongoza. Tarehe 31 Julai 1894 huko Kent, Uingereza, Hiram Maxim, yuleyule ambaye bombomu lake wakoloni walilitumia kupigana na babu zetu, aliendesha juu ya reli dubwana la tani tatu na nusu lenye injini mbili za mvuke, kila moja nguvu za farasi 180. Lilinyanyuka kwa nguvu hata likavunja reli ya juu iliyowekwa makusudi kulizuia lisipande. Maxim akafunga mvuke, likaanguka. Nguvu ilikuwapo, tena ya kubaki, ila hakuna aliyejua afanye nini na kitu hicho kikishakuwa hewani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Samuel Langley, katibu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Tarehe 6 Mei 1896 kielelezo chake cha tano, kisichobeba mtu, kiliruka kwa injini ndogo ya mvuke umbali wa takriban kilomita moja juu ya mto Potomac. Mwaka 1898 Wizara ya Vita ya Marekani ikampa dola 50,000 aunde ndege ya kubeba mtu. Msaidizi wake, Charles Manly, akaunda injini ya petroli ya silinda tano zilizopangwa kwa duara, nguvu za farasi 52, nyepesi ajabu kwa wakati ule. Ndege nzima pamoja na rubani ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi. Tarehe 7 Oktoba 1903 ilifyatuliwa kwa manati ya springi kutoka juu ya paa la mashua, ikaenda moja kwa moja majini. Ikatengenezwa, ikafyatuliwa tena tarehe 8 Desemba. Safari hii sehemu ya nyuma ilivunjika palepale hewani, na Manly, aliyekuwa rubani, akaokolewa katika maji ya baridi kali.

Kwa nini ilishindwa? Langley alichukua kielelezo kilichoruka vizuri, akaongeza vipimo vyake mara nne. Ukiongeza urefu, upana na unene mara nne, eneo la bawa huongezeka mara 16, lakini ujazo wa mbao na chuma, na kwa hiyo uzito, huongezeka mara 64. Ili uzito usikushinde unalazimika kupunguza unene wa kila kiungo, na fremu iliyokuwa ngumu ikiwa ndogo inakuwa legelege. Mabawa yale yalijisokota yenyewe mara yalipopata mwendo. Halafu rubani hakuwa na kifaa chochote cha kuinua bawa lililolala upande mmoja. Langley alitegemea mabawa yaliyoinuliwa kidogo mfano wa herufi V yajisawazishe yenyewe. Na chombo hakikuwa na magurudumu wala ubao wa kutulia. Kilitakiwa kishuke majini, ilhali kiti cha rubani kilikuwa chini ya fremu, mahali pa kwanza kuzama.

Siku tisa baada ya jaribio hilo la pili, ndege nyingine yenye uzito uleule wa kilo 340 pamoja na rubani iliruka mara nne huko Kill Devil Hills, karibu na Kitty Hawk, North Carolina. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 12. Hiyo ni chini ya robo ya injini ya Manly, na ni sawa na injini ya bodaboda ya cc 150 inayopita mbele ya ofisi yako sasa hivi.

Injini ya akina Wright inafaa kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo hadithi ya injini inapovunjika. Iliundwa kwa wiki sita na fundi wa duka lao la baiskeli huko Dayton, Ohio, jina lake Charles Taylor. Ilikuwa na silinda nne zilizolazwa ubavu, kipenyo inchi 4 na mwendo wa pistoni inchi 4, jumla lita 3.3, na kizimba cha aluminiamu, yaani kasha linalobeba krenki. Uzito wake kilo 80 hivi. Haikuwa na kabureta ya kweli: petroli ilidondoka kutoka tangi dogo lililofungwa juu kwenye nguzo ya bawa, ikaingia kwenye chemba iliyopata joto la silinda na kugeuka mvuke humo. Haikuwa na plagi. Ndani ya kila silinda ncha mbili za chuma ziligusana na kuachana, zikatoa cheche. Haikuwa na pampu ya maji. Haikuwa na mkono wa kuongeza au kupunguza mafuta hewani. Iliwashwa, ikanguruma hadi mwisho. Ikiwa baridi ilitoa nguvu za farasi 16 kwa sekunde chache, na hewa inayoingia ikishapata joto ilishuka hadi 12. Katika majaribio ya Februari 1903 beringi zilikwama na kizimba kikapasuka, ikabidi kisubuliwe kingine. Kwa injini, akina Wright walikuwa nyuma ya wenzao. Na walilijua hilo. Walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya nguvu ndogo kabisa inayowatosha, na injini ilipozidi hapo hawakuhangaika tena.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowachukua miaka. Glaida yao ya mwaka 1901, yaani ndege isiyo na injini, ilinyanyua takriban theluthi moja tu ya uzito uliotarajiwa. Walikuwa wametumia majedwali ya nguvu ya kunyanyua ya bawa ya Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekufa Agosti 1896 baada ya kuanguka na glaida yake, pamoja na kigawe cha mgandamizo wa hewa, yaani namba ya kuzidishia unapokokotoa nguvu ya upepo, cha 0.005 kilichokuwa kikinakiliwa vitabuni tangu karne ya 18. Wangeweza kuongeza ukubwa wa bawa na kuomba Mungu. Badala yake walichukua baiskeli, wakafunga juu ya usukani wake gurudumu la tatu lililolala, linalozunguka bila kizuizi, na kwenye ukingo wa gurudumu hilo wakapachika kipande cha bawa lililopinda na kipande cha bati bapa, kila kimoja mahali pake. Fundi akiendesha baiskeli kwa kasi, upepo unasukuma vyote viwili. Gurudumu likikaa kimya, nguvu zimelingana kama jedwali linavyosema. Likizunguka, jedwali na kigawe havipatani. Lilizunguka.

Ndipo wakaunda sanduku la kupulizia upepo. Lilikuwa la mbao, urefu futi 6, upana na kimo inchi 16, na feni upande mmoja ikiendeshwa na injini ya karakana. Ndani waliweka mizani waliyoiunda kwa vipande vya msumeno wa chuma na waya wa spoki za baiskeli. Ubora wa mizani hiyo ni jambo ambalo walimu wa fizikia wangelipenda: haikupima nguvu kwa kilo. Ililinganisha nguvu ya kunyanyua ya kibawa kidogo na nguvu ya upepo ileile juu ya vipande bapa vya chuma, ikatoa uwiano kwa nyuzi kwenye kipimo. Kwa hiyo hata feni ikiongeza au kupunguza kasi kidogo, jibu halibadiliki, kwa sababu pande zote mbili zinaguswa na upepo uleule. Mwishoni mwa 1901 walipitisha humo vibawa vya maumbo yapatayo 200, na kama 50 kati ya hivyo wakavipima kwa utaratibu, pembe baada ya pembe.

Walitoka na mambo matatu. Kigawe cha kweli kilikuwa karibu 0.0033, si 0.005. Jedwali la Lilienthal lilikuwa sahihi kwa umbo la bawa lake mwenyewe, si kwa bawa la umbo jingine. Na bawa refu jembamba hunyanyua kwa gharama ndogo kuliko bawa fupi pana lenye eneo lilelile. Glaida ya 1901 ilikuwa na mabawa ya futi 22 kwa 7. Ile ya 1902 ikawa futi 32 kwa 5, na mpindo wa bawa ukapunguzwa sana. Hiyo ya pili iliruka kama hesabu ilivyosema.

Sasa usukani. Wengi waliotangulia waliwaza ndege mfano wa meli au gari: chombo kinachosimama wima chenyewe, kazi ya dereva ni kukigeuza kushoto na kulia tu. Akina Wright walikuwa watu wa baiskeli. Baiskeli haisimami yenyewe hata kidogo, aliye juu yake ndiye anayeisawazisha kila sekunde, na kona hukatwa kwa kulala upande. Tangu kishada chao cha mwaka 1899 walikuwa na njia ya kuilaza ndege wapendavyo: kamba zilizosokota ncha za mabawa, upande mmoja ukaongezewa pembe ya kukabili upepo na upande wa pili ukapunguziwa. Bawa lenye pembe kubwa hupanda, jingine hushuka.

Hapo likazuka tatizo ambalo hata leo humtupa chini mwanafunzi wa urubani. Bawa lililoongezewa pembe hunyanyua zaidi, lakini pia hukokota hewa zaidi. Rubani anataka kugeuka kushoto, anainua bawa la kulia, na ukinzani wa bawa lile la kulia unavuta pua irudi kulia. Kwenye glaida ya 1902 waliweka mapezi mawili yasiyosogea nyuma, wakidhani yatazuia. Yakaharibu zaidi: ndege ikianza kuteleza kuelekea upande uliolala, mapezi yalishika upepo na kuizungusha mpaka ncha ya bawa la chini ikachimba mchanga. Dawa ilikuwa kuondoa pezi moja, lile lililobaki kulifanya usukani unaosogea, na kuunganisha kamba zake na kamba za kusokota mabawa ili vifanye kazi pamoja. Kuanzia hapo walikuwa na mambo matatu mkononi: kulaza ndege, kugeuza pua kushoto na kulia, na kupandisha au kushusha pua kwa usukani wa mbele. Vuli hiyo waliteleza hewani mara zaidi ya 700 juu ya vilima vya mchanga. Hawakuwa na injini bado. Injini ilikuja mwisho, ikafungwa kwenye chombo ambacho waendeshaji wake walikuwa wamekwisha kuwa marubani.

Propela nazo ziliwatesa. Walidhani wataazima kanuni za wajenzi wa meli, wakakuta wajenzi wa meli wenyewe huchonga na kujaribu tu mpaka ikubali. Wakaamua kuichukulia propela kuwa ni bawa linalosafiri kwa njia ya parafujo, na hivyo vipimo vya sanduku la upepo vikafaa tena. Waliunganisha mbao tatu za sprusi kwa gundi, wakachonga propela mbili za kipenyo cha mita 2.6, zilizozunguka pande zinazopingana ili zisiipindue ndege. Cheni ziliziendesha kutoka sproketi ya meno 8 kwenye injini hadi sproketi za meno 23, kwa hiyo injini ikizunguka mara 1,025 kwa dakika, propela zilizunguka mara 356 hivi. Cheni moja ilipishanishwa ndani ya mabomba ili propela yake izunguke kinyume. Zikiwa zimesimama mahali pamoja, propela hizo zilitoa msukumo wa kilo 60 hivi.

Tutumie namba hizo kuonyesha kwa nini propela si ubao uliokatwa mfano wa feni ya dari. Ndege ikienda mita 14 kwa sekunde na propela ikizunguka karibu mara 6 kwa sekunde, ncha ya propela inakata hewa kwa mita 48 kwa sekunde kuelekea pembeni. Njia yake halisi basi ina mwinamo wa nyuzi 16. Katikati ya urefu wa tawi la propela, kasi ya pembeni ni mita 24 tu, na mwinamo wa njia ni nyuzi 30. Ili kila sehemu ishike hewa kwa pembe ndogo ya nyuzi chache juu ya njia yake, tawi lazima lisokotwe, likiwa limelala nchani na kusimama zaidi kuelekea kitovuni. Ukichonga pembe moja mwanzo hadi mwisho, sehemu moja inavuta na nyingine inakokota, na nguvu za farasi zako zinaishia kupiga kelele.

Hata hivyo Novemba 1903 ilikuwa ya mikosi. Sproketi zililegea kwenye shafti kila injini ilipotikisika. Nati hazikusaidia, mpaka walipomimina gundi ya kubandikia matairi ya baiskeli, ikashika. Shafti za propela zilikuwa za bomba. Mwisho wa mwezi moja ikapatikana na ufa. Orville akapanda treni kurudi Dayton, akachonga shafti za chuma cha springi kisicho na tundu, akarejea 11 Desemba. Tarehe 14 Wilbur alijaribu kutoka kwenye mteremko, akapandisha pua kupita kiasi, mwendo ukaisha, bawa likaacha kubeba. Sekunde tatu na nusu, mita 32, na siku mbili za matengenezo.

Tarehe 17 upepo ulikuwa wa kilomita 32 hadi 43 kwa saa, vidimbwi vimeganda barafu. Waliweka reli ya mbao ya mita 18 mahali tambarare, ikielekea upepo unakotoka. Saa 4:35 asubuhi Orville, akiwa amelala kifudifudi juu ya bawa la chini, aliruka sekunde 12 na mita 37. Mita 37 ni za juu ya mchanga. Kwa sababu ya upepo ule wa mbele, hewani alikuwa amekata zaidi ya mita 150. Mruko wa nne, Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Kwenye nguzo ya ndege walikuwa wamefunga kipima upepo, saa ya kuhesabu sekunde na kihesabu mizunguko ya injini, vyote vikisimama pamoja na injini, kwa hiyo baada ya kila mruko kulikuwa na namba za kuandika daftarini. Muda mfupi baadaye upepo uliibingirisha ndege ikiwa imeegeshwa chini, ikavunjika, na haikuruka tena.

Tusiipambe ndege hiyo. Ilikuwa ngumu mno kuiendesha. Uzito ulikaa nyuma mno na usukani wa mbele ulikuwa mkali. Ukiugusa kidogo unajigeuza wenyewe, ndege ikipanda na kushuka kama mawimbi. Mpaka kufikia ndege yao ya tatu ya 1905 waliukuza usukani huo na kuusogeza mbele zaidi, wakatenganisha usukani wa nyuma na kamba za mabawa, na wakagundua kwamba katika kona kali bawa la ndani huacha kubeba, na kwamba dawa yake ni kushusha pua upate mwendo. Tarehe 5 Oktoba 1905, juu ya malisho ya Huffman Prairie, Wilbur alizunguka kwa dakika 39, kilomita 39.

Wapo watakaosema kwamba Alberto Santos-Dumont wa Brazili ndiye wa kwanza, kwa kuwa ndege yake 14-bis ilipaa kwa magurudumu yake huko Bagatelle, Paris, ilhali akina Wright walirushwa kwa manati. Santos-Dumont anastahili heshima yake: 12 Novemba 1906 aliruka mita 220 hadharani, mbele ya umati na wapimaji. Lakini manati ya akina Wright, uzito unaodondoshwa kutoka kwenye mnara, ilianza Septemba 1904. Desemba 1903 hapakuwa na manati wala mteremko katika miruko ile minne. Palikuwa na reli tambarare na upepo wa mbele.

Upepo ule na baridi ile vina maana kubwa kwa vijana wetu, na hakuna gazeti tuliloliona likiligusa jambo hili. Hewa ya karibu nyuzi sifuri usawa wa bahari ina uzito wa takriban kilo 1.29 kwa mita ya ujazo. Dar es Salaam kukiwa na nyuzi 31 ni 1.16. Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,650 na joto la nyuzi 25, ni 0.97 tu, yaani robo ya hewa haipo. Ndege iliyohitaji kilomita 50 kwa saa kubebwa na hewa ya Kitty Hawk ingehitaji kama 58 Nairobi, na nguvu zaidi ya kuipeleka mwendo huo, wakati injini yenyewe, ikivuta hewa nyepesi, imeshuka kutoka nguvu za farasi 12 hadi 9. Isingepaa. Hata huku pwani mambo yalikuwa magumu: mapema 1915 Waingereza walileta ndege za Sopwith za kutua majini kuiwinda manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, na joto likazishinda, hazikuweza kupaa na mzigo wa maana. Walipata nafuu walipoleta ndege nyingine, zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia na kuongoza mizinga iliyoimaliza manowari hiyo Julai 1915.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wako atakapokwenda tena kwa kijana aliyeunda ndege, tunaomba injini aiache kwanza. Injini ya bodaboda inatosha kwa nguvu na ni nyepesi kuliko ile ya Taylor. Aulize ndege nzima na rubani wake ina kilo ngapi, na mabawa yana mita ngapi za mraba. Akina Wright walibeba kilo 340 kwa mita za mraba 47. Mwenye mabawa ya mita za mraba 8 na uzito huohuo atahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa kabla ya kunyanyuka, na uwanja wa shule hauna nafasi hiyo.

Aulize msukumo umepimwa? Kipimo ni rahisi: funga mkia wa ndege kwenye mti imara kwa kamba iliyopita kwenye mizani ya springi ya kupimia magunia, weka magurudumu juu ya ubao laini, washa injini mpaka mwisho, mtu yeyote asisimame mbele ya propela wala sambamba na ncha zake, soma kilo. Ikitoka chini ya robo ya uzito wote, kwa maoni yetu kijana asipoteze petroli. Kwenye majani na udongo haitafika mwendo wa kupaa. Mara nyingi kosa ni propela ndogo inayozungushwa mbio. Propela ya mita moja iliyofungwa moja kwa moja kwenye krenki inayozunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha zake zinajaribu kupita kasi ya sauti. Nguvu zilezile zikipelekwa polepole kwenye propela mbili za mita 2.6, msukumo wa kusimama kwa hesabu ya fizikia unazidi mara mbili. Cheni na sproketi za pikipiki zipo kila duka la vipuri.

Aulize uzito umekaa wapi. Kwa ndege yenye mkia nyuma, kitovu cha uzito kiwe kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Kinapatikana kwa kupima kilo za kila gurudumu, rubani akiwa kitini, na kuzidisha kwa umbali. Ukikaa nyuma zaidi ya hapo, pua itainuka na haitarudi; hii ndiyo ajali inayoua haraka kuliko injini kuzimika.

Na aulize rubani anailazaje ndege, anaigeuzaje na anashushaje pua, kila kimoja kwa kifaa kipi, na kama vifaa hivyo vimejaribiwa bila mtu. Akina Wright mwaka 1900 waliirusha glaida yao kama kishada, imefungwa kamba, ikibeba minyororo ya uzito unaojulikana, huku wakivuta kamba za usukani wakiwa wamesimama ardhini. Jaribio hilo halina gharama ya injini. Linahitaji ufukwe wenye upepo wa kusi, kamba ya katani, mifuko ya mchanga iliyopimwa, na watu wanne wa kushika. Ikikataa kusawazika hapo, injini haitaisawazisha.

Kuhusu sheria, mtu hapaswi kupaa na chombo alichokiunda mwenyewe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Maswali tuliyoyataja ya uzito, kitovu, msukumo na usukani mkaguzi yeyote atayauliza. Kijana akiyajibu gazetini kwa namba, atakwenda kwa mkaguzi akiwa na daftari mkononi.

Ni sisi wasomaji wako,
Mafundi wa ndege,
Dar es Salaam